Nani Aliambiwa Kwanza

Tarehe 6 Februari

Dada, wamemkubali! Mwanangu ndiye shahidi mkuu wa serikali, mbele ya watu wazima wote!

Haya, ngoja nipumue nikusalimie, nisije nikaonekana sikulelewa. Shikamoo dada. Mikate inaumuka? Mgongo bado unakukaba ukiinama kwenye tanuri? Wanao wawili wakikumbuka kukupigia simu, waambie mama yao mdogo bado yu hai na bado anawadai salamu. Mimi huku sijambo, niko na cherehani yangu, tunakoroma pamoja. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Nalalia mashati ya watoto wa watu, na wangu yuko kwako.

Naandika barua kwa sababu simu siwezi. Chumba changu na cha mke wa mwenye nyumba vimetenganishwa na ubao tu, nikipiga chafya ananiitikia "afya".

Sasa habari yenyewe. Jana niliitwa kituoni. Yule mpelelezi mnene, anayetafuna karanga huku anaandika, akaniambia, "Mama, wakili wa serikali amesoma jalada, kesi inakwenda mahakamani. Bila mtoto wako hatuna kesi." Dada, nilitaka kumkumbatia na karanga zake! Maana fundi bomba mwenyewe, tangu apigwe spana ya kichwa, kumbukumbu ya siku ile imefutika kama ubao wa shule. Na mwenye nyumba, mshtakiwa mwenyewe, ameng'ang'ania kuwa fundi alianguka kwenye ngazi ya tangi la maji. Uani pale tuko wapangaji tele, wenye ndevu na wasio na ndevu, hakuna aliyeona kitu. Aliyeona ni Chiriku wangu, miaka tisa, amesimama nyuma ya shuka zilizoanikwa. Macho hayo kayatoa kwangu. Wewe tangu utoto ulikuwa unatafuta kiatu nacho umekivaa.

Na mimi nimo, usidhani nimeachwa. Siku ile ya kuandikisha maelezo, mpelelezi alitaka kujua mtoto alimwambia nani kwanza, kabla mtu yeyote hajamtia maneno mdomoni. Nikasema mimi. Mama yake. Nani mwingine? Akaandika. Kwa hiyo nyumba yangu imetoa mashahidi wawili.

Wateja wangu wote nimewaambia. Mwalimu mkuu alikuja kupima koti, nikamwambia hapo hapo na futi ikiwa shingoni mwake, "Huyo mnayemwita mtoto mdogo, hakimu anamsubiri yeye." Akanyoosha shingo kwa heshima.

Mwenye nyumba yuko nje kwa dhamana. Anapita uani anakohoa kama mwenye mali. Ndiyo maana nakushukuru kumchukua mtoto. Lakini mbona haniandikii? Mwambie kalamu si gunia la unga. Au kwako kuna utamu gani unaomsahaulisha mama?

Mdogo wako, mama wa shahidi mkuu.


Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Unga umepanda, mikate imepungua ukubwa, na wateja wanaipima kwa macho kama dhahabu. Wanangu hawajapiga simu. Nikiwaona nitawapa salamu zako na kofi moja la kwako.

Mtoto hajambo. Shule ya hapa jirani imempokea. Anakula, ingawa kidogo. Akirudi ananisaidia kupaka mafuta makopo ya mikate, anapaka mpaka pembe, kazi yake haina doa. Lakini jina la Chiriku limemwacha. Unamkumbuka alivyokuwa akiamka anaongea mpaka jogoo anaona haya. Sasa neno linatoka kama maji ya bomba bovu. Kila jioni, kabla ya kulala, ananiuliza jambo moja tu: "Mama bado anakaa chumba kile kile?" Nikisema ndiyo, anageukia ukutani. Kuandika hataki, usimlazimishe.

Afisa wa ustawi wa jamii anayemsimamia mtoto alikuja. Mtoto amempa jina Mama Mkoba, kwa sababu ya ule mkoba wake wenye wanasesere, penseli na biskuti. Amekaa naye sakafuni, amemchorea mahakama ilivyo: hakimu atakaa hapa, mawakili hapa, na yeye hatakuwa ndani kabisa. Atakuwa chumba cha pembeni, atasema kwenye kamera. Mwenye nyumba hatamwona, wala yeye hatamwona mwenye nyumba. Ameambiwa akichoka aseme amechoka. Akiwa hajui aseme hajui, si kosa.

Kisha akaniambia mimi mambo mawili, nami nakuandikia kama alivyosema. La kwanza, mtoto asiulizwe habari za siku ile na mtu yeyote nyumbani, wala asifundishwe aseme nini. Kwa hiyo usiniulize, maana mimi simwulizi. La pili, jina lake lisitajwe wala alipo lisijulikane. Wewe unamtangaza kwa wateja na futi shingoni mwao! Mdogo wangu, huyo si mshindi wa mashindano ya kukimbia. Ni mtoto aliyeona mtu anapigwa na chuma, na aliyempiga anazunguka mtaani. Funga mdomo. Ushone na huo.

Jambo jingine. Anaruhusiwa mtu mzima mmoja wa kukaa kando yake siku hiyo. Amenichagua mimi.

Na hilo uliloandika, la nani aliambiwa kwanza, nimelisoma mara mbili. Leo sina la kusema.

Dada yako.


Tarehe 20 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika zamani. Niliiweka chini ya mguu wa cherehani, mguu ule mfupi, nikasema ikae pale ifanye kazi ya maana. Leo nimeitoa kwa sababu moyo umekataa kupoa, basi afadhali nikuunguze nawe.

Amekuchagua wewe.

Hebu niulize. Wewe una nyumba, una tanuri, una wana wawili wenye vitambi. Mimi nina mmoja. Mmoja, dada! Nimembeba, nimemnyonyesha, nimemshonea hata nguo za wanasesere wake na mifuko juu, mifuko inayoingia kidole. Leo unaniandikia "amenichagua mimi", kisha unaweka nukta, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu anayejifanya hajali. Nakujua. Tangu tukiwa wadogo, mama akigawa kipande cha nyama ulikuwa unasema hutaki, ili akupe kikubwa.

Na huyo Mama Mkoba naye! Kakaa sakafuni na biskuti, basi kawa mama. Kila mtu kawa mama isipokuwa mama. Halafu mimi, eti kinachoulizwa kwangu ni chumba. Si "mama hajambo", si "mama amekula", ni chumba! Mwambie ndiyo, bado niko chumba kile kile, na kitanda chake nimekitandika, hata sare za watu siziweki juu yake.

Kuhusu mdomo, nimekusikia. Imeniuma lakini nimekusikia, na usiku huo huo nilijiuma ulimi kwa hasira. Sitangazi tena. Utaniona nilivyo hodari nikiamua. Mke wa mwenye nyumba alikuja na kitambaa kizuri ajabu, cha kushona gauni, akakaa, akasifia kazi yangu mpaka nikaanza kumpenda. Kisha akauliza, "Na binti yako mzuri yule, siku hizi yuko kwa nani?" Dada, sifa zile zilikuwa zimenilegeza, mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikaweka pini nne kati ya midomo. Nikasema "Mmm-mmm." Gauni nimemshonea, na limemkaa vizuri, sitaki mtu aseme nalipiza kisasi kwa mshono.

Siku ya pili akaja mumewe mwenyewe. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema mtoto akisahau alichoona, nitakaa hapa mpaka nizeeke. Asiposahau, nitalala nje na cherehani yangu. Wimbo ule ule anaotuimbia wapangaji wote kila bomba likikauka tukalalamika. Nikamwambia, "Bwana, cherehani hii imelala nje kabla yako, ilinunuliwa mnadani." Akaondoka. Niliporudi kwenye kiti, mguu ulikuwa unakanyaga wenyewe bila uzi. Nimemwambia mpelelezi, ameandika, na mwenye nyumba ameitwa kuonywa.

Sasa nikaona liwe liwalo, nikaenda ofisini kwa Mama Mkoba nimevaa vizuri. Nikamwambia mimi ndiye mama, kiti cha kando ya mtoto ni changu. Akasema haiwezekani, mama. Shahidi hasikilizi shahidi mwenzake. Wewe umeandikwa kuwa ndiye uliyeambiwa kwanza, kwa hiyo utasubiri nje kwenye benchi mpaka uitwe. Ndiyo maana mtoto aliambiwa achague mtu mwingine.

Kisha akaniangalia. Akauliza polepole, kama anayetunga uzi kwenye sindano, "Mama, una hakika ni wewe uliyeambiwa kwanza?"

Nikasema nina hakika.

Dada, umemwambia nini yule mwanamke?

Mimi, mama yake. Niseme tena? MAMA YAKE.


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa kuwa niliandika barua tatu nikazitia zote kwenye tanuri. Hii ya nne ikikuudhi, jua kwamba ndiyo ya upole.

Sisi wazima. Mtoto alipata homa kidogo, imekwisha. Nilikaa naye, nikamkanda kwa maji, sikukuandikia mapema kwa sababu najua ungetembea kwa miguu mpaka hapa.

Sikumwambia yule afisa kitu. Sikuhitaji. Siku ile kituoni mtoto aliulizwa peke yake, chumba kingine, naye akajibu peke yake. Wewe uliulizwa kwako, ukajibu kwako. Karatasi mbili hazifanani, na mtu yeyote mwenye macho anaona, hata huyo wa karanga.

Nikukumbushe, maana naona umelipiga pasi jambo hili mpaka limenyooka. Mtoto alikuja kwangu likizo akiwa bubu. Siku moja, tunatoa mikate, akasema. Nilivua aproni, nikamshika mkono, nikamleta kwako. Ulikuwa unatia vifungo. Mimi ndiye niliyekueleza, yeye ameinamisha kichwa, na kikombe cha chai kilikuponyoka. Ulisikia kutoka kinywani mwangu. Halafu ukanyanyuka kama simba, ukampeleka kituoni siku hiyo hiyo, bila kuogopa mwenye nyumba wala paa lake. Hilo ulilifanya wewe, mimi nisingelithubutu. Halikutoshi?

Sasa sikiliza. Mwenye nyumba ana wakili, na wakili atapewa karatasi zile azisome. Hatakushika wewe. Wewe ni mtu mzima, utamjibu kwa kelele. Atamshika mtoto. Atamwuliza, "Mama yako anasema ulimwambia yeye. Wewe unasema ulimwambia mama mkubwa. Mama yako ni mwongo?" Mdogo wangu, atajibu nini? Akisema ndiyo, amekuumbua. Akisema hapana, yeye ndiye mwongo, na fundi bomba alianguka kwenye ngazi, kesi imekwisha. Wamemwekea chumba cha pembeni, wamemwekea kamera, mlango wa nyuma, kila kitu ili asitishwe. Na wewe unamwekea hilo kwenye kiti akalie.

Najua pia nikikuandikia haya napoteza nini. Shahidi nikiwa mimi, benchi la nje ni langu, kiti kile si changu tena. Usidhani ni rahisi. Tangu wanangu waondoke hakuna mtu aliyeshika upindo wa nguo yangu. Huyu akivuka barabara anaushika. Basi. Sisemi zaidi.

Jambo la mwisho, na usiniulize kwa nini, maana siruhusiwi kukujibu: hama pale. Tafuta chumba kingine popote, hata kidogo, uhamie na cherehani yako, kisha uniandikie kwamba umehama. Haraka.

Dada yako.


Tarehe 2 Mei

Dada, nimehama!

Shikamoo. Nimehama kwa vishindo, mtaa mzima umeona. Nimepata chumba nyuma ya duka la viatu. Kina dirisha kubwa, dada, dirisha la kitajiri, mwanga unaingia mpaka naona vumbi lilikotoka. Mwenye duka ni mama mmoja mkali kama siki, lakini sheria yake ni moja tu, tusipige misumari ukutani. Cherehani niliipandisha kwenye mkokoteni, nikaifunika shuka kama bibi harusi, nikapita nayo mbele ya mwenye nyumba amesimama getini. Sikumsalimia. Msukuma mkokoteni akaniuliza, "Mama, mbona unacheka?" Nikamwambia sukuma.

Jioni ile nilikaa kwenye kitanda kipya, nikatoa barua zako zote kujifurahisha kwa kukasirika. Nikafika pale, "Mama bado anakaa chumba kile kile?" Nikasoma tena. Nikakumbuka wimbo wa mwenye nyumba, utalala nje na cherehani yako. Dada, sikuulizi, najua umefungwa mdomo. Lakini mimi si mjinga, nimeishi na yule mtu miaka. Kama mimi mtu mzima aliniimbia mlangoni, mtoto, alipomfuma nyuma ya shuka, alimwimbia nini?

Mwanangu alikuwa analinda paa langu. Kila jioni alikuwa anahakiki kama bado lipo. Akaja kukwambia wewe kwa sababu wewe hakuna anayeweza kukufukuza kwako.

Nililia mpaka mama wa viatu akagonga ukuta.

Basi, kulipokucha nikaoga, nikavaa lile gauni la kola, nikaenda kituoni. Nikamwambia mpelelezi, "Weka karanga chini uandike. Aliyeambiwa kwanza ni dada yangu, mwoka mikate." Akanitazama. "Mbona ulisema wewe?" Nikamwuliza, "Una watoto?" Akasema watatu. "Wakianguka wanakimbilia kwako au kwa mama yao?" Akashika kalamu. Nikasema, "Basi andika."

Akaandika, na akanipeleka kwa wakili wa serikali. Yule mama alinifokea, dada! Mbele ya makarani! Kwamba ningeweza kuharibu kesi nzima, kwamba maelezo si mtihani wa kutafuta nani wa kwanza, kwamba watu wanashtakiwa kwa hayo. Nikapokea yote nimesimama wima. Na nikwambie, hata kufokewa nimefokewa na mkubwa wao kabisa, si hawa wadogo wadogo. Mwisho akapoa. Akasema maelezo yangu mapya yatawekwa pamoja na yale ya zamani, upande wa pili waone yote. Wakili wa mwenye nyumba akiuliza, ataonyeshwa mle kwamba niliyekosea ni mimi, si mtoto. Ila wamekubaliana sina nilichoona wala kuambiwa na mtoto, kwa hiyo hawana haja ya kuniita kwanza wala pili. Mimi si shahidi wa mtu. Najisikia kama nimevuliwa cheo sokoni.

Wewe utaitwa kituo cha huko ukaandikishe. Kumbe barua hii ikifika huenda umeshaitwa. Sema yote vizuri, usimung'unye maneno kama kawaida yako.

Kuambiwa kwanza kumekuwa kwako, sawa, kula. Kiti je? Sikiombi. Muulize yeye, au Mama Mkoba amwulize, mimi nisiwepo, nisije nikakohoa. Akinitaka, nipo. Akimtaka Mama Mkoba, nitakufa, lakini muulizeni.

Mdogo wako, mpangaji wa dirisha kubwa.


Tarehe 23 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na hongera ya chumba. Barua yako niliisomea pale pale posta, nimesimama, watu wananizunguka.

Nilimwambia mtoto tukiwa tunapaka makopo. "Mama amehama." Mkono ukasimama. "Alifukuzwa?" Nikasema, hapana, amehama mwenyewe, kwa mkokoteni, anacheka. Akafikiri. "Na cherehani?" Nikasema na cherehani, imefunikwa shuka kama bibi harusi. Akapaka kopo moja, la pili, kisha akauliza dirisha linatazama wapi. Kisha akauliza mama wa viatu ana paka? Kisha kwa nini siki ni kali? Mdogo wangu, hajanyamaza tangu saa ile! Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, povu linaruka. Kichwa kinaniuma. Mwalimu wake ameniita kulalamika, nikamshukuru mpaka akanishangaa.

Mimi nimeandikisha maelezo. Niliulizwa kwa upole, nikasema nilichosikia, maneno yake mwenyewe, sikuongeza chumvi.

Mama Mkoba alimwuliza habari ya kiti, mimi nikiwa nje na mikate. Amenipa ruhusa kukuandikia jibu. Mtoto alisema, "Mama akae. Lakini asiongee."

Usikasirike. Ndiyo sheria yenyewe, hata asingeisema yeye. Mtu wa kiti hajibu, haitikii kwa kichwa, haguni, hasonyi. Hasonyi, umesikia? Unamshika mkono akitaka, basi.

Na sasa nikwambie, kwa kuwa ulinirushia kile kipande cha nyama cha utotoni. Nilipoambiwa jibu hilo nilisema "vizuri sana", nikarudi kwenye tanuri, nikaunguza mikate yote ya jioni. Wivu si wako peke yako. Leo asubuhi, tunavuka barabara, alishika upindo wangu huku ananieleza atakavyokaa na wewe. Nilimwacha aeleze.

Andika wakishataja siku.

Dada yako, wa benchi la nje.


Tarehe 5 Juni

Dada, ASIONGEE! Kasema hivyo? Huyo ni wangu, hana kasoro, ulimi kautoa kwangu!

Shikamoo dada yangu wa mikate iliyoungua. Poleni na hasara. Mimi mzima kupita kiasi. Nafanya mazoezi. Wateja wakija naweka pini mdomoni, nawapima kwa ishara. Mmoja ameuliza kama nimefiwa. Juzi mama wa viatu alisema mshono wangu wa pindo umekwenda upande, nikanyamaza, dada, nikanyamaza kabisa, nikahesabu mashati yaliyobaki mpaka hasira ikapita. Nani mwingine katika ukoo wetu angeweza?

Mama Mkoba amenionyesha chumba. Kiti kimoja kidogo, kimoja kikubwa, meza, jagi la maji, ile kamera juu kama jicho la kuku. Ukuta umepakwa rangi ya maziwa. Nilikikalia kiti changu. Kinalia kidogo ukiegemea, nimemwambia wakitie mafuta. Nilitaka kuleta wateja wangu wajaze mahakama, wamwone, akanijibu kwamba milango itafungwa, hakuna watazamaji, hata gazetini jina halitaandikwa. Basi nimeukubali uchoyo huo. Fahari yote nitaila peke yangu, ndani kwa ndani.

Gauni limekwisha. La bluu, si la shule, lina mifuko miwili ya kweli, mikono yote miwili ya mtoto inaingia. Sitamwuliza kitu. Atanieleza akitaka, siku atakayotaka, hata nikiwa kizee. Nitakachosikia nitakisikia mle ndani wakati mmoja na hakimu, na naogopa, dada, hilo nakuandikia wewe tu. Naogopa kusikia alichobeba peke yake, na mimi nimekaa pale siruhusiwi hata kuguna.

Ombi langu moja, na usilete ubishi wa kikubwa. Mlete siku moja kabla, mlale kwangu, kitanda kipo. Na nywele usimsuke wewe. Najua una mkono mzuri, najua amezoea, najua utasema ungemrahisishia safari. Niachie nywele. Mje naye kichwa wazi.

Hakimu ametaja siku. Fundi bomba atakuja na mkewe, anatembea kwa fimbo sasa. Mpelelezi atakuja, nimemkataza karanga. Mama Mkoba atatusubiri mlango wa nyuma, na wewe benchi lako liko kushoto, chini ya dirisha, nimelikagua, halina msumari. Tunatakiwa wote saa tatu asubuhi, Jumatano, tarehe 19 Juni.